Duncan Wambua Mutiso na Kuzingirwa kwa Ngome ya Santa Lorina

Waombolezaji wapendwa, majirani wa hapa Al-Hindawiyah, Jeddah, na ninyi mliofunga safari kutoka Riyadh, mjane wa marehemu, Bi. Maureen Achieng, pamoja na familia ya Mzee Mutiso wa Wote, Makueni, wamemtuma binamu wa marehemu, Hillary, awasomee historia hii kabla mwili haujasafirishwa Jumapili, naye anaomba radhi mapema iwapo itarukaruka, kwa maana mwenyewe Duncan hakuwahi kutulia mahali hata chai yake ikapoa.

Duncan Wambua Mutiso alizaliwa Wote tarehe 9 Agosti 1979, akiwa wa tatu kati ya watoto watano, akaanza shule ya msingi mwaka 1986, akahamishwa mara mbili kwa utundu, akamaliza kidato cha nne Machakos mwaka 1997, kisha akasomea Nairobi ufundi wa meno ya bandia na kufuzu mwaka 2002, kazi iliyotushangaza wote, maana inataka mtu akae kitako, na Duncan na kiti hawakuwa marafiki. Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa na Maureen, muuguzi, wakajaliwa Timothy mwaka 2010 na Lorine mwaka 2014.

Mwaka 2012 alipata kazi katika kliniki moja mtaa wa Al-Suwaidi, Riyadh, kwa mkataba wa miaka miwili, akauongeza, akauongeza tena, Maureen naye akamfuata kwa mkataba wake mwaka 2015, watoto wakabaki kwa bibi yao, na kila ikama, kibali chake cha kuishi huku, ilipokaribia kuisha marehemu aliapa kwamba mkataba huu ndio wa mwisho, halas, tunarudi nyumbani, halafu akaenda kuongeza mwingine.

Huko Riyadh ndiko alikokutana na Bwana Lukas Mrema, Mtanzania, mpima ardhi, mtu wa maneno machache, mwenye nyumba hii tulimoketi, ambaye alimfundisha mchezo wa vita vya mezani, na kwa wasioujua, ni mchezo wa watu wazima wawili wanaopanga askari wadogo wa bati, urefu wa kidole, wenye makoti na kofia za Ulaya ya karne ya kumi na nane, wakawasogeza kwa futi ya kupimia na kuamua nani kaanguka kwa kurusha dadu. Walibuni nchi mbili ambazo hamtaziona kwenye ramani yoyote, Waldenau ya Duncan na Kastelmar ya Lukas, na marehemu akawa anawayeyushia askari bati jikoni kwake, bati la kununua, si madini ya kliniki, familia inaomba hilo lieleweke.

Lukas alipohamia Jeddah, marehemu alimfuata kila likizo na jeshi lake kwenye buti la gari, mpaka siku moja askari wa barabarani akafungua sanduku, akawatazama wale mia tatu wa bati, akacheka na kusema mafi mushkila, hakuna shida, yalla, nenda, na mwaka 2021 yeye na Maureen wakahamia huku kabisa. Mwaka uliofuata alijenga kwa plasta ya meno ngome aliyoiita Santa Lorina, kwa jina la bintiye, Lukas akaizingira, na kwa karibu miaka mitatu Duncan alitoka nje kushambulia bila mpango, akapigwa, akarudi ndani, akakataa kusalimu amri, huku akisema atarudi Kenya ngome ikishakombolewa, hata Maureen akamwambia mbele ya wageni, “Baba Timothy, unalinda Lorine wa plasta, na Lorine wako yuko Wote anaulizia baba.” Marehemu akaomba dadu.

Mwezi wa Novemba 2024 alipatikana na saratani ya ini, na mwezi wa Januari madaktari wakamweleza kwa upole kwamba kilichobaki ni kwenda kukaa na watoto, lakini hakutaka kusikia, na Maureen, aliyekuwa na hofu kwamba atamzika bila watoto kumwona, alimwomba Lukas ashindwe makusudi, naye Lukas, kwa shingo upande, akaacha barabara ya kaskazini wazi. Marehemu aliiona, akakasirika kuliko tulivyowahi kumwona, akaondoka bila kumaliza kahawa yake.

Ijumaa, tarehe 14 Februari 2025, alirudi mwenyewe, akishikiliwa mkono, akaomba masharti ya kuisalimisha ngome kwa heshima, kama ilivyokuwa desturi ya vita vile, yaani askari wake watoke na bendera zao, ngoma zikitangulia, waende kwao Wote, na yeye kwa upande wake aahidi kutopigana kwa mwaka mzima. Lukas alikubali yote huku akilia waziwazi, na Duncan akawatoa mmoja mmoja, akawalaza kwenye sanduku, akamgeukia Maureen akamwambia akate tiketi.

Tiketi ilikuwa ya tarehe 6 Machi. Alifariki Jumatatu tarehe 3 Machi 2025, muda wa futari, akiwa na umri wa miaka 45, na inatuuma, hatutaficha, kwamba ni siku tatu tu zilizomkosesha watoto wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa kliniki, majirani waliofuturu kwa tende na maji kwenye korido ya hospitali ili Maureen asibaki peke yake, na Bwana Lukas, ambaye hajaibomoa ngome wala kuingiza humo askari wake hata mmoja. Sanduku la askari litasafiri na Duncan, nalo atakabidhiwa Lorine.

Duncan, tunajua hukuwahi kulipenda neno pumzika, lakini ahadi uliitoa wewe mwenyewe, mbele yetu, kwamba mwaka huu hupigani, basi itimize, ndugu yetu, nenda nyumbani, pumzika kwa amani.