Masatu Baiskeli na Mbio za Saba Saba

Wazee wetu wa Kibara, wageni mliotoka Musoma, Bunda na Butiama, ndugu, jamaa na marafiki, familia inawaomba mtulie kidogo msikie maisha ya mpendwa wetu Apolinary Masatu, ambaye wengi wenu mlimwita Masatu Baiskeli, kabla hatujamsindikiza kaburini.

Marehemu alizaliwa hapa Kibara tarehe 14 Machi 1931, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Masatu Nyamhanga, mvuvi na mkulima wa pamba, na mama Wankyo, ambaye yupo mbele yetu leo akizika mtoto kwa mara ya pili. Mdogo wake, Clementi, alizaliwa mwaka 1940, na kwa kuwa mama alishinda shambani, ni Apolinary aliyembeba mgongoni, akamfundisha kutembea, na baadaye kuogelea.

Alisoma shule ya misheni hapa hapa Kibara kuanzia mwaka 1941, akaishia darasa la nne baba yake alipofariki. Mwaka 1949 alikwenda Musoma, akaajiriwa kufagia katika duka moja la baiskeli mtaa wa Iringo, akajifunza ufundi kwa kutazama, na mwezi Juni 1960 akafungua duka lake mwenyewe katika mtaa huo huo, chumba kimoja chenye mlango wa bati. Alikwishafunga ndoa na Tereza, binti wa mtaa wa Makoko pale pale Musoma, tarehe 12 Januari 1957, wakajaliwa watoto wanne, Robi, Kwangu, Susana na Nyamhanga.

Uhuru ulipopatikana, marehemu aliona jinsi watu walivyopata hamu ya kukusanyika, naye akawaza namna ya kuwakusanya. Tarehe 7 Julai 1962, siku ya Saba Saba, wakulima wakiwa wameuza pamba, aliitisha mbio za baiskeli kutoka Bunda hadi Butiama, bila kiingilio, mshindi akipewa baiskeli mpya, na kila aliyefika kutazama akipewa chai na andazi. Tusimpambe kwa uongo, alifanya vile ili auze. Alikodi spika, na katikati ya ngoma na vigelegele sauti yake ilisikika ikitaja tairi, minyororo na breki, kwa sababu aliamini kwamba mtu akiiona baiskeli imetoka Bunda haijavunjika, kesho yake ataitafuta Iringo. Wakaitafuta kweli, duka likakua, Clementi akaletwa kuwa fundi, na mbio zikawa za kila mwaka.

Mwaka 1969 dukani ililetwa baiskeli ya aina mpya, na marehemu akamwomba mdogo wake aiendeshe katika mbio ili watu waione ikiongoza. Clementi aliongoza. Katika mteremko ulio kabla ya Kiabakari alikutana na kundi la ng'ombe likivuka barabara, akajaribu kulikwepa, akaanguka vibaya, na akafariki njiani akipelekwa hospitali, kichwa chake kikiwa mapajani kwa kaka yake.

Yalisemwa maneno msibani, wengine mliopo hapa mliyasikia, kwamba Masatu amemuuza ndugu yake kwa ajili ya biashara. Mwaka uliofuata hakuitisha mbio, na kila alipokuja Kibara mama yake hakuitikia salamu yake, naye alikaa nje ya mlango, kisha akarudi Musoma.

Mwezi Mei 1971 mama Wankyo alipanda basi peke yake mpaka Iringo, akiwa na kikapu cha furu wakavu, samaki aliowapenda Clementi, akakaa kwenye benchi la wateja mpaka duka likawa tupu, ndipo akasema, "Apolinary, watu wananiulizaga mbio ni lini, na mimi sina la kuwajibu. Ziitishe, mwanangu. Lakini pale alipoangukia mwenzio, watu washuke watembee." Marehemu alilia akiwa amesimama, mikono yake ikiwa na grisi, asiweze hata kujifuta. Tangu mwaka ule, wanaoshindana hushuka wote kwenye mteremko ule, wakakokota baiskeli kimya, wanaoongoza wakiwasubiri wa nyuma, ndipo mbio zikaendelea.

Wakati wa kuhamia vijijini mwaka 1974 aliwafuata wateja wake katika vijiji vipya, na mwaka 1976, maduka ya watu binafsi yalipofungwa ili kupisha maduka ya ushirika, duka lake nalo lilifungwa, akarudi kuziba pancha barazani kwake Makoko. Asubuhi ya Saba Saba mwaka ule alikwenda Bunda kuomba radhi tu. Aliwakuta waendeshaji wamejaa, baiskeli zimefungwa kwa waya na vipande vya kanga, akawaambia kwamba hana duka tena, hana zawadi, hana chai, hana chochote cha kuuza. Keraryo, mkulima wa Butiama ambaye hajawahi kushinda hata mara moja, akamjibu, "Wewe ndiye ulikuwaga unauza. Sisi tulikuwaga tunakuja kwenye mbio." Wakapanda baiskeli, mbio zikaanza. Kule Butiama akina mama walikuwa wamepika uji, na aliporudi nyumbani marehemu alimwambia mkewe kwamba miaka yote alidhani ni chai inayowaleta watu.

Kuanzia Oktoba 1977 alianza kukosa pumzi, miguu ikavimba, na madaktari wakaeleza kwamba moyo umechoka. Saba Saba ya mwaka huu ilimkuta amelazwa Musoma. Waliomaliza mbio Butiama hawakurudi makwao, bali waliendelea na safari mpaka hospitali, wakafika jioni na vumbi lao, na kwa kuwa wasingeweza kuingia wote walisimama nje ya dirisha. Tereza alimwinua kitandani awaone. Akauliza, "Wote wamefika?" Akaambiwa wote wamefika, akalala.

Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Agosti 1978, na leo tunamlaza kando ya Clementi, kama alivyoagiza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani wa Makoko waliokesha na Tereza, wafanyabiashara wenzake wa zamani wa Iringo, viongozi wa dini na wa kijiji, na nyinyi mliokuja kutoka mbali kwa miguu yenu. Hatuna cha kuwalipa, na mama anaomba msiondoke kabla ya kula.

Apolinary, baba Robi, fundi wetu, mtoto wa Wankyo, ardhi ya Kibara ikupokee taratibu. Pumzika kwa amani, wewe na mdogo wako.