Mama Kupe na Josho Lililosingiziwa

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mtaalamu wetu wa wadudu wa mifugo anavua koti jeupe baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Jina lake kamili limo kwenye barua ya kustaafu. Maabarani na majoshoni anaitwa Mama Kupe, na ukimwita vingine hageuki.

Alianza kwa kung'oa kupe masikioni mwa ng'ombe kwa kibano. Ng'ombe wa kwanza alimpiga teke, akaangukia topeni mbele ya mkuu wake. Akainuka, akacheka, akarudi kwenye sikio lilelile. Tabia hiyo hajaiacha.

Wengi tunamkumbuka kwa mwaka ule ndama walipokufa kwa homa inayoletwa na kupe. Wafugaji waliogesha mifugo kila wiki, lakini ng'ombe walitoka joshoni na kupe wao, wazima wa afya. Lawama zikamwangukia msimamizi wa josho: eti anazidisha maji na kuiuza dawa pembeni. Watu walimzomea njiani. Mkuu wa kituo, aliyechoshwa na simu za malalamiko, alimnyang'anya funguo, akawa karibu kumfukuza.

Mama Kupe akapima dawa ya joshoni, akaikuta kali kama inavyotakiwa.

“Kama si dawa na si mtu, basi ni kupe wenyewe,” alimwambia mkuu. “Nipe muda.”

Akachukua kupe majike walioshiba damu kutoka josho lile, na wengine kutoka malisho ya mbali ambako dawa ile haijawahi kutumika. Chumba cha joto cha maabara kilikuwa kimeharibika, basi kupe wakataga mayai jikoni kwake, ndani ya vichupa vilivyofungwa kitambaa, kabatini kando ya vikombe. Mumewe, fundi cherehani, anasema msimu ule chai alikunywa kazini tu.

Mayai yalipoanguliwa, watoto wote wa kupe walichovywa kwenye dawa ya kiwango kimoja. Wale wa mbali walikufa karibu wote. Wachache tu ndio waliosalia. Wa josho letu wengi wao walitembea kama wako sokoni.

Akawaita wafugaji mkutanoni. “Dawa haikuwafundisha kupe kitu,” aliwaambia. “Tangu mwanzo walikuwapo wachache waliozaliwa na kinga. Sisi tukawaua wenzao, hao wachache tukawaachia ng'ombe wote. Wakazaana, wakawarithisha watoto kinga hiyo. Leo ndio wengi.”

“Kwa hiyo, mama, tumekuwa tukiwafuga hao sugu?” aliuliza mfugaji mmoja.

“Ndiyo, baba. Na tukikazana na dawa ileile tutawafuga zaidi.”

Vita havikuishia hapo. Stoo ilijaa dawa ya zamani na wakubwa walitaka iishe kwanza. Aliletewa ripoti ya kusema mambo ni shwari, akakataa kutia sahihi. Akadokezwa kwamba kuna cheo kinamsubiri. Akakataa tena, na cheo akapewa mwingine. Hakununa, wala hakurudi nyuma. Mwishowe ikaletwa dawa ya aina nyingine kabisa, na msimamizi akakabidhiwa upya funguo za josho mbele ya walewale waliomzomea. Msimu uliofuata ndama walinenepa.

Tulipokuwa tukishangilia, yeye alituonya kwamba hata dawa mpya itawakuta wachache wa kuistahimili. Ndiyo maana leo tunapima kupe kila mwaka kabla mtu hajalalamika, na ng'ombe ambao kwa asili hawashambuliwi sana na kupe ndio wanaobakizwa kwa uzazi.

Wiki iliyopita msimamizi yule, sasa kichwa cheupe kwa mvi, alikuja kumuaga. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

“Dada,” alisema, “wanangu walisoma kwa kazi ile uliyoniokolea.”

Mama Kupe akamvutia kiti, akammiminia chai.

Asante, dada yetu, kwa kutuonyesha kwamba hapana inaweza kusemwa kwa heshima na ikabaki kuwa hapana. Nenda ukapumzike na mzee wako, ulale mpaka jua likukute kitandani, na afya isikupungukie. Wala usiwe na wasiwasi: Jumatatu asubuhi tutakuwa joshoni.