Macho Mekundu ya Bibi Kabula

Asifiwe Bwana aliyenifikisha mbele yenu leo, ndugu zangu. Nisikilizeni vizuri, maana nimekuja na hasira.

Hapa Kishapu mlisema mtoto wa mchunga ng'ombe hatamaliza hata shule ya kati. Nikamaliza. Mkasema ng'ambo nitashindwa na baridi. Nikarudi na stashahada ya upimaji ardhi, na mengi ya mashamba yenu ya pamba niliyapima mimi.

Kisha nikaanza kujikwaa. Nilijigonga kwenye miimo ya milango. Siku moja mnadani nilimvaa fahali ubavuni, watu wakacheka. "Mpima, fahali mzima humwoni, mpaka wa shamba utauonaje?" Niliwadharau. Kazini nilifumba jicho la kushoto na kuchungulia kwenye darubini kwa la kulia, na namba zote nilizisoma safi. Nikajisemea sina ugonjwa. Ni kiburi, ndugu zangu. Darubini huonyesha kiduara cha katikati tu, na kwenye jicho langu palipobaki pazima ni hapo katikati.

Mjomba wangu Masanja akanipeleka kwa mganga. Mganga hakunitazama jicho hata mara moja. Aliuliza tu, "Jirani yako mwenye macho mekundu ni nani?"

Ni Bibi Kabula, mjane, anayepikia samadi kavu miaka yote kwa sababu kuni hakuna. Kabla jua halijazama kijiji kizima kilijua. Watu wakaacha kumwamkia shikamoo. Vijana wakaonekana wakinoa mapanga, na huku kwetu tunajua bibi akishatajwa kuwa mchawi kinachofuata. Na mimi, mwenye stashahada, nilinyamaza.

Asubuhi yeye mwenyewe alikuja mlangoni kwangu. "Mwanangu, twende hospitali Mwanza sote wawili. Watazame macho yangu, watazame na yako. Kama nimekuroga, daktari atauona huo uchawi."

Niliona aibu. Tukapanda basi.

Daktari alisema macho ya bibi yameumizwa na moshi, basi. Mimi nilikuwa na presha ya macho. Maji ya ndani ya jicho yalikosa njia ya kutoka, yakawa yanasukuma. Nyuma ya jicho upo utando wenye chembe hai zinazopokea mwanga, na nyingine zinazopeleka habari kwenye ubongo. Hizi za kupeleka ndizo zilizokuwa zinakufa, kuanzia pembeni, bila maumivu.

"Zilizokufa hazirudi," alisema. "Tutaokoa zilizobaki."

Akanipasua, akayafungulia maji njia. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia Bwana amenibakizia.

Niliporudi nilisimama kwenye mkutano wa kijiji, nikasoma karatasi ya daktari kwa sauti, nikasema nilitaka kumuua bibi huyu kwa kunyamaza. Mapanga yakarudi majumbani. Lakini hakuna aliyemwomba radhi, na wengine wenu mmekaa humu humu kanisani.

Namshukuru Mungu aliyempa mjane ujasiri ambao mimi na elimu yangu tuliukosa. Mtumainini Yeye. Na anayejikwaa nyumbani kwenu mpelekeni hospitali mapema, zikiwa bado zipo chembe za kuokoa.

Bibi Kabula yuko nje, anaogopa kuingia. Mpisheni aje akae hapa kushoto kwangu. Upande huo sioni, naye amekubali kunishika mkono.