Mfereji Uliokata Shamba la Baba

Sogeeni karibu, wanangu, na hiyo redio zimeni, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema jambo mara mbili.

Mnajua kazi yangu ilikuwa kukadiria maji ya mvua pale mgodini, ili mifereji ichimbwe kwa upana unaofaa. Lakini kwa nini mjomba wenu hakukanyaga tena nyumba hii, hilo hamjalisikia kinywani mwangu. Mlima ule ulipokuwa na miti, mvua ilinyesha na ardhi ikainywa. Watu wa mgodi walipoufyeka na kumwaga vifusi, nilipima eneo lote linalokusanya maji, nikapima na nguvu ya mvua kubwa, nikaona mfereji wa zamani utafurika na kuzoa nyumba za wafanyakazi kule bondeni. Njia pekee ya mfereji mpana ilipita katikati ya shamba alilotuachia baba, juu ya mahindi ya kaka yangu.

"Dada, mvua gani hiyo unayoiona wewe peke yako?" aliniuliza.

"Kaka, mlima ulionyolewa haunywi maji."

"Basi yanywe wewe," akasema, akanipa mgongo.

Mfereji ukachimbwa hivyo hivyo. Ikapita misimu mikavu, watu wakaniita Mama Mfereji huku wakicheka. Ilipokuja mvua yenyewe, mfereji ulijaa hadi ukingoni, na bondeni hakulia mtu. Nilimwona kaka amesimama ng'ambo ya mfereji. Nikamwita, mngurumo wa maji ukameza sauti yangu. Akainua mkono, na hadi leo sijui alikuwa ananisalimu au ananifukuza. Homa ilimchukua kabla sijapata pa kuvukia. Wahenga walisema ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Wakipatana, shika kapu ukavune. Sisi tuliishia kwenye jembe, wanangu.

Sasa shikeni haya. Shamba la ng'ambo ni la watoto wa mjomba wenu, msidai hata tuta moja. La huku gawaneni sawa, wa kike kama wa kiume. Mgodi ukifungwa, watakuja watu kutaka kuufukia mfereji wajenge, kwa kuwa wataukuta mkavu. Kataeni, mlima bado haujaota kitu. Na kwa binamu zenu nendeni ninyi kwanza, msingoje... msingoje kuitwa.

Niinueni kidogo... hapana, basi, niacheni hivi. Leteni vichwa, niviguse. Mungu awape... awape kupendana mkiwa hai... wewe mdogo, usilie... uko wapi... sogea...