Chumba cha Giza cha Mama Consolée

Mwaka ule wa tisini na saba, vikwazo vya nchi jirani vilikuwa vimepandisha bei ya sukari, mafuta na sabuni, na kitu pekee kilichobaki bure Bujumbura kilikuwa umbea. Ulipatikana kwa wingi Buyenzi, kwenye benchi la mbele ya duka la Sultani. Idi, muuza kahawa, alimimina kahawa. Méthode, karani wa wizara, aliitwa Dosye, maana kila jambo la dunia hii aliwahi kuliona kwenye faili fulani. Seifu fundi redio aliitwa Antena, na jina lake halina haja ya maelezo. Asubuhi hiyo Sultani alikaa katikati yao. Chumba cha nyuma ya duka lake alikuwa amempangisha Consolée, mjane aliyekimbia vita huko milimani, na mama huyo alikuwa ameziba dirisha kwa turubai nyeusi. Kesho wanajeshi wangepita nyumba kwa nyumba, shefu wa karitie, mkuu wa mtaa, alishatangaza. Wakikuta jambo, anayebebwa ni mwenye nyumba. Sultani alishakata shauri kumtoa leo leo, ila, jamani, hamu ya kujua kilichomo mle ilikuwa inamla tangu Ramadhani.

— Tuanze na masimbi, alisema Antena. Kila magaribi anakuja na ndoo, anabeba masimbi yote ya kahawa ya Idi, yale machicha ya chini ya birika. Mutu anafanya nini na masimbi?

— Mi namupa tu, Idi alijitetea. Zamani nilikuwa namwanga mu mutaro.

— Ni juu ya harufu, alisema Dosye. Kahawa inaficha harufu. Kuko kitu inanuka mule.

Sultani aliweka kikombe chini.

— Kitu gani?

— Mi sijasema. Lakini kwetu ku biro kulikuwa dosye ya mutu mumoja, alikuwa anaficha ngozi za mamba.

— Mamba wapi, Antena akadakia. Ule mama anapika baruti. Masimbi iko nyeusi, baruti iko nyeusi. We hauoni?

— Basi hata kikombe yako iko baruti, alisema Idi. Kunywa pole pole.

— Cheka tu. Na zile gunia za taka za pamba analetewa na mutu wa kinga, ku baiskeli, ni za kujaza mito?

— Pamba ni ya vidonda, alisema Dosye. Amelaza watu mule. Si munaona wale wanawake sita wanaingia alfajiri na vikapu? Wanaleta dawa.

— Apana, alisema Idi taratibu. Vikapu inaingia tupu. Inatoka imejaa.

Dosye alifumba macho, akatafuta, akapata.

— Basi anatengeneza feza. Karatasi ya feza inatoka mu pamba, rangi inatoka mu kahawa. Dosye imefungwa.

Mtu mwingine angecheka. Sultani hakucheka. Akilini aliona buti za wanajeshi ukumbini, akamwona mkewe Radhia amesimama mlangoni na mtandio mkononi, na woga ukamshika vibaya. Wakati huohuo Consolée akatokea uchochoroni, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko.

— Mama Consolée, alisema Sultani kabla ujasiri haujamkimbia, unisamehe. Leo utoke mu nyumba yangu. Kesho kuko msako, na mi sijui unaficha nini.

Mama hakulia wala hakubisha. Aliwatazama mmoja mmoja.

— Mukuje muone, mzee. Wote. Lakini muingie pole pole.

Wakamfuata, Antena nyuma kabisa, tayari kutimua mbio. Mle ndani mlikuwa na baridi na unyevu. Macho yalipozoea giza, wakaona mifuko inaning'inia darini, safu kwa safu, imetobolewa matundu, na kila tundu limetoa uyoga mweupe, mnene, kama masikio ya watoto.

— Shamba yangu iko kule juu, siwezi kufika, alisema Consolée. Nikasema basi shamba ikuje hapa. Nachemsha masimbi na pamba, natia mbegu, nafunga. Baada ya wiki chache navuna. Wale mama sita wanatoka Musaga, ku kambi ya wakimbizi. Kila mumoja anauza yake. Mufuko ikichoka, wanaipeleka ku bustani ya lengalenga, ya mboga. Hakuna kitu tunatupa. Tangu mwezi wa tano hakuna hata mumoja wao ameenda kupanga foleni ya unga ya musaada.

Idi aligusa uyoga mmoja kwa kidole. Masimbi yake, miaka yote ile, mtaroni.

— Sasa kwa nini hukusema? aliuliza Sultani, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona haya.

— Ningesema niko na chumba ya giza, nani angengoja nimalize?

Consolée akaanza kufungua kamba ya mfuko wa kwanza, akaulaza sakafuni kwa uangalifu. Alikuwa kweli anahama.

— Hii inaharibika ikiona jua. Basi munisaidie kitu kimoja tu, nyinyi watu wa muji, munajua karitie zote. Ni nyumba gani hapa Bujumbura mutu anaweza kufunga mulango, na majirani wasiogope?

Antena alifungua kinywa. Nyakabiga, alitaka kusema, kisha akakumbuka jinsi majirani walivyofukuzana huko. Dosye, mwenye faili ya kila kitu, alitafuta muda mrefu, akainama. Sultani alifikiria mtaa kwa mtaa mpaka akafika kwake mwenyewe, kwenye mlango wake wenye makomeo matatu.

Akaokota ule mfuko sakafuni, akautundika mahali pake.

— Kesho mi ndiye nitasimama hapa ku mulango, alisema. Wakiuliza, watauliza mimi.