Mama Mizani, Nesi Aliyempeleka Mwanawe kwa Dobi

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa tatu kati ya saba wa fundi seremala na mshonaji. Kaka yake mkubwa husema alianza kuwaamuru watu kabla hajaota meno, na hakuna ndugu aliyewahi kumpinga.

Alisoma shule ya msingi ya wasichana nyuma ya ghala la reli, kisha sekondari, na mwaka 1978 akahitimu chuo cha uuguzi. Vyeti vyake vipo, na alihakikisha kila mgeni aliyeingia sebuleni anaviona.

Mwaka uliofuata alipangiwa kliniki ya mama na mtoto, akakaa hapo hadi kustaafu mwaka 2011. Kazi yake ilikuwa kupima watoto uzito, ndipo akaitwa Mama Mizani. Aliolewa tarehe 8 Agosti 1981 na fundi saa, mtu wa maneno machache, aliyesema nyumba moja haihitaji wasemaji wawili. Walijaliwa watoto wanne.

Kwa miaka kumi na mitatu aliwafundisha akina mama kwa bango la ukutani: maziwa, mayai, nyama. Waliitikia kwa vichwa, wakarudi makwao, na watoto wakabaki wembamba vilevile. Februari 1992, mtoto wa dobi, mama asiye na mbele wala nyuma, alionekana ameongezeka kwa mwezi wa tatu mfululizo. Marehemu hakuamini. Alitundika kwenye mizani mfuko wa unga wa kilo mbili, na mizani ikasoma kilo mbili. Ndipo akamfuata dobi nyumbani kwake akaone mwenyewe.

Alikuta mtoto ana bakuli lake peke yake. Alilishwa mara tano kwa siku, kidogo kidogo, kati ya ndoo moja ya nguo na nyingine, mama akikaa naye hadi amalize. Uji ulikuwa na karanga zilizopondwa, na hata siku ya kuharisha hakuachishwa kula. Hakukuwa na kitu pale ambacho jirani yeyote angeshindwa kukipata.

Kilichomkata maini ni kwamba kitindamimba wake mwenyewe, wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa anadhoofika, na kadi yake ya kliniki ilikuwa imefichwa chini ya godoro. Alimweleza dobi, akaapa kwamba nyumbani kwake mayai hayakosekani. Dobi aliendelea kukamua shuka, akamuuliza:

"Dada nesi, mayai yako ndani ya nyumba au ndani ya mtoto?"

Marehemu alipiga hesabu ya nyumbani kwake. Wanawe wote walikula sinia moja, na wakubwa walimaliza mdogo akiwa bado anatafuna tonge la kwanza.

Mganga mkuu wa kliniki aliposikia habari hizo alimwonya kwamba nesi akionekana anafundishwa na dobi hakuna atakayeiheshimu kliniki, na kwamba kuna kituo cha mbali kinachohitaji mtu. Marehemu aliogopa sana. Alikiri hivyo hadi uzeeni. Jumatatu iliyofuata alimbeba mwanawe hadi uani kwa dobi, akaiinua ile kadi mbele ya akina mama tisa wa kliniki aliowaita hapo na watoto wao.

"Huyu ni wangu," alisema. "Nimewafundisha miaka yote hii, na wa kwangu anakonda. Tumekuja kujifunza."

Kila mama alileta alichokuwa nacho, wakapika na kulisha pamoja siku kumi na mbili. Mtoto wa marehemu aliongezeka gramu mia nne. Kituo cha mbali hakikutajwa tena. Tangu hapo, kila mtaa aliotumwa, marehemu alianza kwa kuuliza ni nyumba gani isiyo na kitu ina mtoto mwenye afya, kisha akaenda kukaa jikoni kwao.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Alitibiwa miaka mitatu, akiwasahihisha wauguzi kila alipopata nguvu. Alifariki nyumbani kwake Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, saa kumi alasiri, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu sita, kaka wawili na dada mmoja. Dada huyo ni dobi. Orodha hii ilipokuwa ikiandikwa, kaka mkubwa aliuliza, si kwa ubaya, undugu huo umetoka wapi.

"Nina watoto wanne," mume wa marehemu alijibu. "Bila yeye ningekuwa na watatu. Mwandike."

Ameandikwa.

Alale salama, na Mungu ampe pumziko jema.