Mhandisi Tak Yeon-ju na Mkono wa Baba Yake

Wasikilizaji wapendwa, hapa mjini Daejeon watu bado wanaulizana kama ni kweli. Ni kweli. Mhandisi Tak Yeon-ju hatunaye. Jumanne mchana alikuwa amesimama katika maabara yake, akitaniana na wenzake. Jioni ya siku hiyohiyo, hatunaye.

Yeon-ju alitengeneza roboti za tiba. Si zile za kutembea na kusema. Zake zilikuwa za kuvaliwa na mgonjwa. Alianza na za chuma. Kisha baba yake, mzee Tak Byeong-ho, kinyozi, akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukajikunja ngumi, ukagoma kufunguka.

Binti akamletea mkono wa chuma wenye mota. Ukavuta vidole, mzee akatokwa machozi.

"Mwanangu, chuma chako hakijui kwamba mimi ni mtu."

Neno hilo lilimchoma. Akarudi maabara, akaanza upya. Safari hii akashona glavu ya mpira laini, inayojazwa hewa kidogokidogo mpaka kidole kinyooke. Chuma akakibakiza kwenye kifundo cha mkono tu, kiushikilie mkono. Mwenzake, Seon Gil-jae, akamtania.

"Dada, hiyo ni roboti au puto la harusi?"

"Puto halijawahi kumvunja mtu kidole. Leta pampu, acha maneno."

Glavu zilipasuka nyingi. Hakuchoka. Hatimaye mzee akashika mkasi tena, na mteja wake wa kwanza akawa Yeon-ju. Alimkata nywele zikaenda upande. Kazini wakamuuliza nani kamharibu hivyo.

"Kinyozi bora wa Daejeon," akasema. Wala hakwenda kurekebisha.

Wasikilizaji wapendwa, sasa ndipo akili inapogoma. Kwa siku kadhaa kichwa kilikuwa kikimuuma.

"Nilimwambia, Dada, madaktari tunafanya nao kazi jengo moja, shuka tu ngazi," anasema Gil-jae. "Akanijibu, nikimaliza jaribio hili."

Jaribio halikuisha. Mshipa ulipasuka kichwani, akaanguka kando ya meza yake. Kiharusi. Ndiyo, kiharusi, adui yuleyule aliyepigana naye miaka yote.

Msibani tulimkuta mzee Byeong-ho ameketi mbele ya picha ya binti yake. Supu ilikuwa imepoa mbele yake.

"Alinirudishia mkono huu," alituambia. "Jana, kabla hawajafunga jeneza, niliutumia kumchana nywele. Safari hii nilizinyoosha vizuri."

Kwako mzee wetu, kwa Gil-jae na wenzake, na kwa wagonjwa waliofunguka vidole kwa kazi ya mikono yake, poleni sana.

Nawe unayetusikiliza, kama hapo ulipo kuna mtu analalamikia kichwa tangu juzi na kusema atakwenda hospitali kesho, zima redio hii. Mshike mkono, mwende naye leo.